Usicheke, Tazama Hapa

Mdogo wangu mtaa mzima unamwita Usicheke. Jina lake halisi limeandikwa kwenye leseni ya duka, lakini hata mtu aliyetuletea leseni alisimama mlangoni akauliza, "Usicheke yupo?" Ni mpiga picha za pasipoti. Kwa miaka ishirini na mbili amewaambia maneno yale yale wote waliokaa kwenye stuli yetu, wachumba, wastaafu, hata vichanga wasiojua kucheka ni nini: "Usicheke, tazama hapa." Mimi ni dada yake, nimemtangulia miaka mitatu kuzaliwa, na niko naye dukani tangu siku tuliyofungua. Yeye anapiga picha. Mimi nazikata, natoa fotokopi, na namsema. Hiyo kazi ya tatu ndiyo inayonichosha.

Duka ni chumba kimoja chenye stoo ndogo ya karatasi kwa nyuma. Mbele ipo meza yangu na mashine ya fotokopi inayonguruma kutwa nzima. Ndani zaidi kuna stuli, taa mbili zenye miavuli myeupe, na kitambaa cha bluu kilichotundikwa ukutani. Kitambaa hicho kina doa la moto upande wa kulia, umbo la ncha ya pasi. Nilikichoma mimi, miaka kumi na moja iliyopita, nikipiga pasi huku nagombana na mtu kwenye simu. Tangu siku hiyo tunasema tutatafuta kingine kesho. Mdogo wangu humsogeza mteja kidogo, bega linafunika doa, maisha yanaendelea.

Kitu kingine unachopaswa kujua kuhusu Usicheke ni kwamba hakumbuki sura ya mtu. Anakumbuka masikio. Picha ya pasipoti inataka masikio yote mawili yaonekane, yawe sawasawa, basi yeye hutazama hayo tu. Ukimuuliza kuhusu mteja wa jana atakwambia, "Yule mwenye sikio la kushoto lililokunjika?" Mwenye sikio hilo anaweza kuwa jirani yetu wa miaka kumi.

Kwenye kona ya duka tuna televisheni ndogo. Huwa tunaizima sauti kwa sababu fotokopi inaimeza. Mdogo wangu alizoea kutazama tamthilia hivyo hivyo, bila kusikia neno, halafu anahukumu waigizaji. "Huyu mama anangoja chakula cha mchana tu," atasema, wakati mama wa watu kwenye skrini analia msibani. Au, "Huyu kijana hamngoji mtu yeyote." Nilidhani ni porojo za mtu aliyekosa wateja, maana siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha.

Jumatatu moja akaniambia, "Dada, nataka kuigiza."

"Kuigiza nini?"

"Kuigiza. Kwenye tamthilia."

Nilicheka mpaka mkasi ukanitoka mkononi. Nikamwambia ana miaka arobaini na tisa na magoti yanayolia akiinuka. Yeye hakucheka, na hilo si ajabu, lakini pia hakunijibu kwa utani kama kawaida yake. Alisema, "Nimekaa upande huu wa kamera miaka ishirini na mbili. Nataka nikae upande ule mara moja tu. Nione kama kuna mtu ndani yangu." Sikuelewa alichomaanisha, ila niliona kuwa akikosa hilo ataumia, na mimi sijui kumwona huyu mtu akiumia. Nikaokota mkasi wangu nikaendelea kukata.

Sasa mtu wa umri huo, asiyemjua mwigizaji hata mmoja, anaanzia wapi? Alianzia kwenye simu. Akapata kundi la mtandaoni la waigizaji chipukizi, maelfu ya watu, akaandika kwa heshima zote: "Habarini wakuu. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tisa, sina uzoefu. Naomba ushauri, nianzie wapi?" Wahenga walisema kuuliza si ujinga, ila wahenga hawakuwa na mtandao.

Majibu yalimiminika. Wa kwanza akaandika: "Nafuatilia." Wa pili: "Nafuatilia." Wa tatu akasema aende akasome, kipaji bila shule ni bure. Wa nne akasema shule zinaua kipaji, asithubutu. Mmoja akamtaka apunguze tumbo. Mwingine, kwa herufi kubwa, akamwambia alitunze tumbo hilo kama mboni ya jicho, kwa sababu akina baba wenye matumbo ndio wanaotafutwa. Apige picha akitabasamu. Asitabasamu kamwe. Ahamie jiji kubwa. Abaki alipo, jiji limejaa. Ajifunze kulia bila kitunguu. Kulia kumepitwa na wakati. Mmoja akamuuliza kama ana shamba la kuuza. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hapo waliwamba wote kwa mpigo.

Mtu mwingine angefunga simu akalala. Mdogo wangu akanunua daftari. Akaandika kila ushauri kwa namba, na pale ushauri mmoja ulipopingana na mwingine akachora mstari mwekundu kuuunganisha nao. Baada ya mwezi daftari lilikuwa na mashauri sitini na moja, na ile mistari myekundu ilizidi maandishi. Alitaka ayafuate yote. "Haiwezekani wote wawe wamekosea, dada," aliniambia. Nikamwambia inawezekana sana, hata ukoo wetu umewahi kufanya hivyo.

Ushauri namba kumi na nne ulisema awatazame watu wanavyotembea. Basi akamfuata mteja mmoja mnene kutoka dukani mpaka kituo cha mafuta, hatua kwa hatua, akiiga mwendo wake. Yule bwana aligeuka, akarudi naye amemshika mkono, akaniuliza kama huyu ni wangu. Namba ishirini ulisema azoeze ulimi kwa kuongea na kalamu katikati ya meno. Akawa anapiga picha na kalamu mdomoni. Bibi harusi mtarajiwa aliposikia mtu mzima anamkataza kucheka huku mate yanamdondoka kidevuni, alicheka kwenye picha zote nne, na zote zikakataliwa alikozipeleka. Nilizipiga tena mimi. Moja ilikata kichwa.

Nilikuwa nimeshika tama. Huyu mtu alizidi kuuliza na alizidi kutojua. Miezi mitatu ilipita hakuwa amesimama mbele ya kamera hata sekunde moja, maana kila alipotaka kujaribu, daftari lilimwambia fanya na usifanye kwenye ukurasa uleule.

Ndipo akatokea Mwalimu.

Ndivyo walivyomwita kundini, Mwalimu, na yeye hakukanusha. Alikuwa akijibu kila mgeni, kwa upole, bila herufi kubwa. Picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, uso tu, umekatwa karibu sana hata paji la uso na masikio havikuonekana. Mdogo wangu alipomuuliza jambo lake, Mwalimu hakumpa orodha. Alimwandikia: "Kaka, uso haulazimishwi. Mfikirie mtu unayemngoja. Uso utajipanga wenyewe."

Usicheke alisoma hayo akaketi. Akachukua daftari, akafungua ukurasa mpya, akayaandika peke yake katikati, bila namba na bila mstari mwekundu. "Huyu anajua," alisema. "Huyu ameyaishi." Siku nzima alikuwa na furaha hata akampa mteja mmoja picha sita badala ya nne.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu akaweka tangazo kundini. Watu wanaotengeneza tamthilia walikuwa wakitafuta mwanamume wa makamo, asiye na uzoefu, bila kiingilio. Video ya dakika moja, mwisho wa kutuma Ijumaa saa sita mchana. Tukio lenyewe lilikuwa fupi: baba anafungua mlango, anamkuta mtoto wake aliyepotea miaka mingi amesimama nje. Mtoto anasema, "Ni mimi." Baba asiseme kitu kwa nusu dakika. Kisha aseme, "Pita ndani."

Mdogo wangu aliruka. Halafu jioni hiyo hiyo akaingiwa na hofu, akamwandikia Mwalimu: "Mwalimu, ulisema nimfikirie mtu ninayemngoja. Lakini hapa ninayemngoja amekwisha kufika. Sasa uso uweje?"

Mwalimu hakujibu usiku huo wala asubuhi.

Jumanne, akiwa anangoja jibu, mdogo wangu akanitumia ile picha ya Mwalimu. Alitaka niichapishe kubwa aibandike ukutani impe moyo. Nikaichapisha. Ilipokuwa ikitoka polepole kwenye printa alisimama nyuma yangu akiisifu. "Ona mpiga picha wake alivyocheza na kivuli, hapo pembeni mwa taya. Huo ndio ufundi. Sisi huku tunabahatisha tu."

Nikatazama kivuli. Kilikuwa na umbo la ncha ya pasi.

Nilimpa karatasi yake, akaibandika, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Alipotoka kwenda kula nikafungua kompyuta. Picha ambazo doa linaonekana ni chache mno, maana yeye hufuta na kurudia. Macho yalipoanza kunichoka nikaipata: miaka miwili nyuma, kwenye folda ya walinzi wa kiwanda cha magodoro, watu tisa walioletwa kwa haraka siku moja wapigwe picha za vitambulisho. Wa saba alikuwa na bega lililoshuka. Doa letu lilichungulia juu yake, na uso wake ndio ule ule, ila huku ulikuwa na rangi, sare ya ulinzi, na masikio mawili.

Damu ilinichemka. Mdogo wangu, mtu mzima, anabandika ukutani picha ya mlinzi wa magodoro na kumwita Mwalimu! Ningeweza kumwambia pale pale, lakini nilimwona akirudi kutoka kula, akaipungia mkono ile picha kabla ya kukaa, nikashindwa. Nikaamua kwanza niende nikagombane na mwenyewe.

Jumatano asubuhi nikamwambia mdogo wangu nafuata wino. Kiwanda cha magodoro ni mwendo wa robo saa. Nilimkuta langoni, ameinama na kile kioo chenye mpini mrefu, anakagua chini ya lori.

"Mwalimu," nikamwita.

Aligonga kichwa kwenye bampa. Alipogeuka alikuwa ameshika utosi, macho yamemtoka.

"Mama wa fotokopi," akasema.

"Kumbe unanijua. Basi nieleze, umeigiza tamthilia gani wewe?"

Alitazama kibandani kama kuna mwenzake anasikia. "Mama, taratibu. Sijaigiza hata moja."

"Na unafundisha watu!"

"Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimeigiza," akasema, na haikuwa jeuri, alisema kama mtu anayeshangaa jambo hilo tangu zamani. "Wanauliza waanzie wapi. Mimi niliuliza hivyo hivyo miaka mitatu iliyopita. Nikapata jibu moja tu: nafuatilia. Mwaka mzima yule mtu ananifuatilia, na mimi namfuatilia, hakuna anayekwenda popote. Nikajiambia, mgeni mwingine akiuliza nitamjibu, hata kama sijui. Angalau ajue kuna mtu."

Lori lilipiga honi. Akalifungulia, akaandika namba kwenye daftari lake, akarudi. Hasira yangu ilikuwa bado ipo ila haikujua ikae wapi.

"Na hayo ya kumfikiria mtu unayemngoja? Umeyatoa wapi, kwenye kitabu?"

"Aa, mama. Ni kaka yako."

"Kaka yangu yupi?"

"Usicheke. Siku ile tulipokuja tisa. Mimi nilikuwa nimefiwa wiki hiyo, uso unanicheza, siwezi kutulia. Akaja kuninyoosha kidevu, akaniambia kwa sauti ya chini, mfikirie mtu unayemngoja. Nikatulia. Ndiyo maana ile picha naipenda. Sina maneno mengine ya maana, hayo ndiyo nawapa wote." Akasita. "Juzi ameniuliza swali siliwezi. Akifika unayemngoja, uso uweje. Nitajuaje mimi? Nimekaa nalitazama tu."

Nikatafuta pa kukaa. Akanipa kiti chake cha plastiki.

Unajua, nakaa kwenye fotokopi, kelele zinaniziba. Sikuwahi kujua kwamba wale wasiotulia anawasogelea na kuwaambia hivyo. Lakini nilijua alikoyatoa. Baba yetu aliondoka kwenda kazini mji mwingine siku moja ya Jumatatu, mdogo wangu akiwa na miaka sita na mimi tisa. Alisema atarudi Jumamosi. Mama alikuwa kibaruani, mimi nina vyombo vya kuosha na mtoto asiyetulia, anavuta sketi yangu, anauliza kila dakika. Basi kila Jumamosi nikawa namkalisha kwenye kigoda, uso mlangoni, namwambia: usicheke, usilie, tazama pale, mfikirie baba unayemngoja. Na alikuwa akitulia. Saa nzima, saa mbili. Nikimaliza vyombo namkuta vile vile nilivyomwacha.

"Mama, usimwambie," mlinzi alisema. "Nitamwambia mwenyewe. Afadhali aipate kwangu."

Nikarudi bila wino. Mdogo wangu hakuuliza.

Alhamisi ujumbe ukaingia. Alinisomea kwa sauti, na sauti ikawa inapungua kadiri anavyosoma: "Kaka, samahani. Mimi ni mlinzi wa lango pale kiwanda cha magodoro. Sijawahi kuigiza. Ulinipiga picha wewe. Yale niliyokwambia, uliniambia wewe siku hiyo. Swali lako sina jibu lake. Ila usiache kutuma."

Alinitazama. Akaitazama picha ukutani. Akasogea karibu, akaweka kidole kwenye kivuli, halafu akageuka akakitazama kitambaa chetu.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni wewe."

"Mimi nimemuuliza yeye, yeye amenijibu mimi, kwa maneno yangu." Alifungua daftari, akalifunga. "Sasa dada, nani anajua? Kama mwalimu wangu kajifunza kwangu, na mimi sijui kitu, humu ndani kuna nini?"

Kinyozi hajinyoi, nikataka kusema, lakini nilimwona usoni amechanganyikiwa vibaya, si wa kutaniwa. Alikaa kwenye stuli yake, upande wa mteja, mikono mapajani. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza anakaa pale. Alisema hatatuma. Alisema mtu wa miaka arobaini na tisa anayejiuliza na kujijibu apelekwe hospitali, si kwenye tamthilia.

Ijumaa nilifika mapema kuliko yeye. Nikapanga kamera, nikaziwasha zile taa mbili, nikageuza kibao cha mlangoni kisomeke tumefunga. Alipoingia nikamwambia, "Mlango wa stoo ndio mlango wako. Ingia ndani, ufungue. Mimi nasimama hapa nakuwa mtoto."

"Dada, nimesema..."

"Nimesikia ulichosema. Ingia stoo."

Mtu mzima akaingia stoo. Kuna utii mwingine hauishi hata mkizeeka.

Mara ya kwanza alifungua mlango, nikasema, "Ni mimi," naye akasimama wima, kidevu kimenyooka, masikio sawasawa. Ilikuwa picha safi ya pasipoti. Mara ya pili alijaribu shauri namba tisa na shauri namba thelathini kwa pamoja, akaonekana kama mtu anayeumwa jino. Mara ya tatu alijaribu kulia. Akapiga chafya. Ilipofika saa sita kasoro dakika kumi na tano akaketi juu ya boksi la karatasi mle stoo, mlango wazi.

"Dada, ninayemngoja namjua," akasema. "Naweza kumngoja hata sasa hivi, bila shida. Lakini aliyefika simjui. Sijui mtu akifika inakuwaje. Hakuwahi kufika."

Hakumtaja kwa jina. Miaka arobaini na mitatu hatujamtaja. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi wangu, sijui kwa nini, mazoea tu. Nilijua wakati huo kwamba amekwama pale nilipomweka mimi, kwenye kigoda, uso mlangoni, na kwamba kama sitasema sasa sitasema tena.

"Simama," nikamwambia. "Funga mlango. Tunarudia mara moja ya mwisho."

Akafunga. Nikabonyeza kamera. Taa nyekundu ikawaka. Akafungua mlango, akanitazama, akangoja neno langu. Nilitakiwa niseme "Ni mimi."

"Nilijua haji," nikasema. "Mama aliniambia wiki ile ile ya kwanza. Kwamba ana nyumba nyingine na hatarudi. Akaniambia nisikwambie, wewe mdogo. Na mimi nikakuweka mlangoni kila Jumamosi, mwaka mzima, kwa sababu ulikuwa unatulia, napata kuosha vyombo. Nilijua, na nilikuweka. Nisamehe, mdogo wangu."

Alibaki ameushika mlango.

Nimekata picha za watu maelfu kwa maelfu na siwezi kukueleza nilichokiona usoni kwake. Kwanza hakuelewa. Nilimwona haelewi, kisha nikamwona anaelewa, na hasira ikaja, nikadhani ataufunga mlango. Midomo ilicheza. Kichwa kiliinama upande, sikio moja likawa juu kuliko lingine. Alinitazama kama ndiyo kwanza anaona kwamba nina sura. Sijui ilikuwa nusu dakika au zaidi. Fotokopi nilikuwa nimeizima, duka lilikuwa kimya kabisa.

Kisha akasogea pembeni, akashika mlango wa stoo ukae wazi.

"Pita ndani," akasema.

Nikapita.

Zilibaki dakika nne. Tulikaa juu ya maboksi tukaitazama video kwenye kioo kidogo cha kamera. Masharti yalitaka dakika moja na mtu mmoja. Yetu ilikuwa dakika mbili kasoro, sauti ya mwanamke inasikika inaungama mambo ya nyumbani kwao, na mwishoni mwanamke huyo anakatiza mbele ya kamera na mkasi mkononi, amefunika uso, analia kwa sauti ya ajabu.

"Nikate mwanzo?" nikauliza. "Nikate na mwisho, nisionekane?"

"Usikate," Usicheke akasema, akanipa simu yake. "Tuma hivyo hivyo."